Kabla ya Sauti Kwenda Kiwandani



Katika toleo lililopita tulitangaza kwamba familia kadhaa za hapa Stockholm zimekubaliana kukusanya kaseti za marehemu mwalimu wetu, aliyewasomesha watoto wetu Qur'ani kwa miaka mingi, ili kisomo chake kitolewe katika CD 500 zigawiwe majumbani. Tangu siku hiyo tumeulizwa mengi, na swali lililorudiwa kuliko yote ni hili: kazi iko wapi? Kaseti zipo, kompyuta ipo, kiwanda kipo. Kwa nini basi mwasema CD hazitakuwa tayari kabla ya Ramadhani? Swali ni la haki, na makala haya ndiyo jibu lake.

Jibu lenyewe laanzia hapa: kiwanda hakisikilizi. Kiwanda hupokea nakala moja tu, ambayo sisi tutaiita nakala mama na mafundi huiita masta, hukagua kama namba zake zasomeka, kisha huichapa. Kioo kilichong'arishwa mno hupakwa dawa nyembamba inayoathirika kwa mwanga, na mwali wa leza ukachora juu yake vishimo vyenye upana wa nusu ya maikromita, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Vishimo hivyo hujipanga katika mstari mmoja uzungukao kutoka ndani kwenda nje, na mstari huo ukinyooshwa wapita kilomita 5, mwendo wa saa nzima kwa mtu atembeaye kwa miguu. Juu ya kioo hicho hukuzwa bamba la nikeli kwa nguvu ya umeme, na kutokana na bamba hilo hupatikana muhuri. Muhuri ndio ukandamizao plastiki ya moto, sahani moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde chache. Kisha hupakwa alumini ili ing'are kwa leza, na juu yake lakiri ya kuilinda. Muhuri mmoja hutoa maelfu ya sahani. Ikiwa katika nakala mama neno limekatika, litakatika katika zote, wala hakuna sahani hata moja itakayosalimika kwa bahati.

Mji huu tuishio una nafasi yake katika historia ya jambo hili, ingawa wengi wetu twapita hapo bila kujua. Katika mtaa wa Sankt Eriksgatan, kisiwani Kungsholmen, palikuwa na studio iitwayo Polar, iliyofunguliwa mwaka 1978 na kufungwa mwaka 2004. Hapo ndipo kundi la ABBA liliporekodi The Visitors, iliyotoka mwaka 1981 na ambayo ilikuwa miongoni mwa rekodi za mwanzo za muziki wa kisasa kurekodiwa kwa njia ya namba badala ya mawimbi. Tarehe 17 Agosti 1982, kiwanda cha Langenhagen karibu na Hannover, Ujerumani, kilipoanza kuchapa CD za kuuzwa, rekodi hiyo ya Stockholm ndiyo iliyotangulia. Hatuutaji muziki huo kwa kuusifu wala kuulaumu; twautaja kwa sababu mafundi wa mji huu walikuwa wa mwanzo kutambua kwamba, mara sauti igeukapo namba, hakuna tena kelele ya sindano wala mkwaruzo wa kuficha kosa la aliyetayarisha. Kila kitu chasikika.

Namba zenyewe si siri. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kulia na wa kushoto, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Hizo ni biti 1,411,200 kwa sekunde, na kwa CD ya dakika 74 zapindukia bilioni 6. Waliochagua namba 44,100 walikuwa wakihifadhi sauti katika kanda za video, wakiweka vipimo vitatu katika kila mstari wa picha. Mistari 294 mara tatu, mara hamsini kwa sekunde, ndiyo jumla yake. Kanda hizo za video, za aina ya U-matic, ndizo zilizokuwa zikipelekwa viwandani katika miaka ya 1980 na sehemu kubwa ya miaka ya 1990.

Msomaji mmoja alitwambia kwamba CD hujirekebisha yenyewe, kwa hiyo hofu yetu ni bure. Asemayo yana ukweli nusu. Namba za sauti haziwekwi sahanini kwa mfululizo. Husukwa kama ukindu wa mkeka, hata kipimo cha sasa hivi na kile kinachofuata vikawa mbalimbali, na katikati yao hutiwa namba za ziada za kuhakikishia. Mkwaruzo ukikata ukindu mmoja, nyuzi za pembeni huonyesha kilichopotea. Kwa usukaji huo mashine yaweza kurudisha kwa ukamilifu pengo la karibu milimita mbili na nusu za mstari. Pengo likizidi hapo, mashine hukisia kwa kutazama kilichotangulia na kilichofuata. Likizidi tena, hunyamaza.

Lakini hayo yote ni makosa ya sahani. Kosa lililomo ndani ya nakala mama si kosa machoni pa mashine. Ni sauti kama sauti nyingine, nayo mashine italisuka, italilinda na kulifikisha majumbani kwa uaminifu ule ule inaoufikishia aya iliyosomwa sawasawa.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili latutia hofu kuliko lingekuwa rekodi ya taarabu au ya hadithi za watoto. Kalima ya shahada huanza kwa kukanusha na kukamilika kwa kuthibitisha. Mkanda ulikunjika zamani ndani ya kaseti, sauti ikafifia kwa nusu sekunde katikati ya kalima: kilichobaki masikioni ni ukanushaji mtupu. Aya ya 4 ya Suratul-Maun kila mtoto wa chuoni aijua, na ajua pia kwamba maana yake imeegemea aya inayoifuata. Mtu akiigawa sura hiyo katika vipande viwili vya CD, na mashine ya kuchezea ikasita baina yao, atakuwa amesimamisha kisomo mahali ambapo qari mwenyewe hakusimama. Katika wimbo pengo ni dosari. Katika Qur'ani pengo laweza kuwa maana nyingine.

Si mambo ya kubuni. Mwaka mmoja tuliletewa CD ya kisomo iliyotengenezwa na watu wengine, ambayo kila sura ilianza bila herufi yake ya kwanza, hata Bismillahi ikasikika imekatwa kichwa. Sababu yake ni ndogo na yafaa kuelezwa. CD ina daftari lisiloonekana lionyeshalo kila kipande kinaanzia wapi, na daftari hilo huhesabu kwa fremu, 75 katika sekunde moja. Mashine nyingi, hasa za zamani, zikiruka kwenda kipande fulani huchelewa kidogo kufungua sauti. Fundi mwenye uzoefu huiweka alama ya kuanzia fremu kumi au kumi na tano kabla ya sauti, ili mashine ipate kupumua. Asiye na uzoefu huiweka juu ya herufi yenyewe, na anapoijaribu kwenye kompyuta yake yaitika vizuri, kumbe jikoni kwa bibi haitaitika.

Ndugu zao ni zile sekunde mbili. Programu nyingi za kunakilia CD hutia kimya cha sekunde mbili baina ya vipande bila kuulizwa. Kwa nyimbo hakuna ubaya. Kwa sura ndefu iliyogawiwa ili msikilizaji apate kuanzia katikati, ni kukata kisomo. Sisi tumeamua alama ziwekwe mwanzo wa sura, na kwa sura ndefu mahali ambapo mwalimu mwenyewe alivuta pumzi baada ya maana kutimia, na kimya chochote kitakachosikika kiwe kile alichokiacha yeye chumbani mwake.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, iko nyuma ya hayo yote, katika kuitoa sauti kwenye kaseti. Ndani ya redio-kaseti mna kichwa kisomacho mkanda, na pembeni mwake skrubu ndogo. Kichwa hicho kikiinama hata kidogo tofauti na kile kilichorekodi, herufi kali hufifia na sauti ikawa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Skrubu hiyo hurekebishwa kwa kila kaseti, kwa sikio, kabla ya kuanza kunakili. Hakuna programu irudishayo baadaye kilichokosekana hapo. Kadhalika mwendo. Kaseti nyingi zilirekodiwa kwa redio za betri, na betri zikilegea mkanda huenda polepole wakati wa kurekodi, hata ukichezwa kwa mwendo wa kawaida sauti ya mzee huwa nyembamba na ya haraka kama ya kijana. Hapa kuna msaada usiotarajiwa. Ikiwa mvumo wa umeme wa taa au feni umeingia katika kaseti, mvumo huo ni mizani, kwani umeme wa Mombasa, wa Unguja na wa hapa Uswidi wote ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipimwa ukasomeka 52, twajua kaseti yaenda mbio, na twajua kwa kiasi gani.

Na hapa twawaomba vijana wetu wenye kompyuta watusikilize kwa subira, maana wao ndio wanaotaka kutusaidia na ndio wawezao kutuharibia. Kuna programu za kuondoa kelele za mkanda, ule mvuvumo usikikao nyuma ya sauti. Zikitumiwa kwa kiasi ni neema. Zikitumiwa kwa pupa, hula herufi. Mvuvumo wa kaseti, kwa tabia yake, wafanana mno na sauti za sin, fa, tha na ha. Programu haijui makharij, haijui kwamba pumzi hii ni kelele na pumzi ile ni herufi. Tumesikiliza rekodi iliyosafishwa hivyo: kimya kilikuwa safi kama theluji ya Januari, na sin na sad zilikuwa hazitofautiani. Mwalimu aliyetumia umri wake kuwarekebisha watoto ndimi, kisha rekodi yake iwafundishe kinyume! Sisi twaona heri mvuvumo ubaki. Mtoto atauzoea kwa dakika mbili, kisha hatausikia tena.

Vile vile sauti isipandishwe hadi kugonga kikomo. Katika namba kuna kiwango cha mwisho, na juu yake hakuna kitu. Sauti ikikipita hukatwa kichwa na kukwaruza. Mwalimu alikuwa na desturi ya kushusha sauti mwisho wa aya na kuipandisha mwanzoni mwa nyingine. Mwenye kutaka CD iwe na kelele sawa na ya matangazo ya redio ataisawazisha ile desturi mpaka ipotee.

Je, neno likiwa limeharibika kabisa? Hapa tulijadiliana kwa mikutano miwili, na haikuwa mijadala ya baridi. Kwa ufundi inawezekana kulichukua neno lile lile kutoka aya nyingine aliyosoma mwalimu, likapachikwa, na sikio lisitambue. Baadhi yetu waliona hilo ni kama kuziba tundu la ukuta. Wengine walisema kwamba kisomo si matofali: kila neno lina madda yake, na husomwa kwa kutegemea lililolitangulia. Uamuzi tuliofikia ni kwamba sura yenye dosari itafutwe katika kaseti nyingine ya mwalimu, ichukuliwe yote kwa pamoja; ikiwa haipatikani, sura hiyo isiingizwe. Afadhali CD pungufu.

Baada ya hapo ndipo usikilizaji, nao ndio utakaokula miezi. Waandishi wa misahafu wa zamani, wakiwemo wale wa Siyu katika kisiwa cha Pate waliosifika pwani nzima kwa misahafu yao, walipewa na mapokezi ya elimu yetu kanuni moja: nakala hailinganishwi na kumbukumbu, hulinganishwa na asili yake, mmoja akisoma na mwingine akifuatilia. Wanazuoni waliiita muqabala. Sauti haikuepuka kanuni hiyo. Mwaka 1961, Misri ilipotoa kisomo cha kwanza kamili cha Qur'ani kilichorekodiwa, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, kazi hiyo iliyoasisiwa na Labib al-Said ilikuwa chini ya kamati ya wanazuoni waliosikiliza. Jumba la Mfalme Fahd la Madina, lililofunguliwa mwaka 1984, hutoa misahafu na rekodi, nalo lina kamati za kuhakiki. Sisi hatuna kamati ya namna hiyo, lakini tunao wazee wawili waliohifadhi, na tunayo misahafu.

Kwa hiyo kila saa ya kisomo itasikilizwa mara tatu. Mara ya kwanza mara tu baada ya kunakiliwa, kaseti ingali mezani. Mara ya pili na mzee mmoja na kijana mmoja, msahafu mkononi, kwa spika za masikioni, kila shaka ikiandikwa kwa dakika na sekunde. Mara ya tatu itasikilizwa nakala mama yenyewe, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, bila kurukaruka, kwa mashine ya kawaida ya sebuleni. Wengi huliruka hili la tatu, wakidhani ikiwa faili lilikuwa zima basi na nakala ni nzima.

Twawakumbuka waliotutangulia ambao hawakupata fursa hii. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya santuri za His Master's Voice, sauti yake ilichorwa juu ya nta. Nta hiyo ikichezwa ili kusikiliza, huharibika isifae tena kutengenezea santuri. Basi waliimba, nta ikapelekwa, na hukumu ikangojwa. Sisi twaweza kusikiliza mara mia bila kupunguza chochote. Uvivu tu ndio utakaotuzuia.

Kuhusu nakala mama yenyewe tutasema machache. Ikipelekwa kama CD ya kunakiliwa nyumbani, ichomwe yote kwa pamoja bila leza kuzimwa. Ikichomwa kipande kwa kipande, leza huacha viungo katikati, na mashine ya kiwanda huvisoma kama makosa yasiyorekebishika, ikairudisha kazi. Isibandikwe karatasi, isishikwe usoni. Kipimo cha CD kinaruhusu makosa madogo yarekebishikayo yasizidi 220 kwa sekunde. Yale yasiyorekebishika yawe sifuri. Sisi lakini tumechagua njia inayotumika zaidi leo, ya kupeleka kwa intaneti mafaili ya muundo uitwao DDP, ambao hubeba sauti pamoja na lile daftari la alama. Pamoja nayo huenda alama ya uhakiki ya herufi na tarakimu 32, iliyokokotolewa kutokana na mafaili yote. Biti moja ikigeuka njiani, kiwanda kikikokotoa tena hakitapata alama ile ile, na kitatwambia kabla ya kioo kuguswa.

Vijana watauliza: kwa nini CD katika zama za simu? Kwanza, bibi zetu wana mashine jikoni na hawana neno la siri. Pili, faili litakaloingia katika simu ni hilo hilo litokalo katika nakala mama, na kosa lake ni hilo hilo.

Kiwanda pia kitataka tamko la maandishi kwamba tuna haki ya kuchapa. Watoto wa marehemu wametia saini, na tunawashukuru. Aidha, kwa sheria ya Uswidi ya mwaka 1993 kuhusu nakala za lazima, rekodi zinazosambazwa nchini hupelekwa katika hifadhi ya taifa. Hifadhi hiyo ya sauti na picha ilianzishwa mwaka 1979 na tangu 2009 iko chini ya Kungliga biblioteket, ile maktaba iliyo katika bustani ya Humlegården. Kisomo cha mwalimu wetu kitakaa humo pamoja na rekodi za Waswidi wenyewe, na twataka kikae kikiwa sahihi.

Hadi tunapoandika tumepokea kaseti 31. Suratu Yusuf tunayo upande wa kwanza tu. Upande wa pili umefutwa kwa kurekodiwa matangazo ya mpira. Tunaamini nakala nyingine ipo katika nyumba fulani, kwani mwalimu aliwagawia wanafunzi wa mwaka ule. Aliye nayo ailete Jumamosi baada ya darasa, hata kama mkanda umekatika au ganda limevunjika. Asijaribu kuicheza nyumbani kwanza.

Wassalaam.